USAILI HUANZIA KWENYE JINA LAKO



Ndugu zetu wanafunzi, kila matangazo ya kuitwa kwenye usaili yanapotoka, huja hapa madrasa vijana waliokwisha kupita mikononi mwetu, wakitaka tuwasomee dua, na wengine tuwaandikie kombe wanywe. Dua tunawasomea. Kombe hatuandiki, bali siku hizi tunawaambia: tandazeni vyeti vyenu vyote hapa mkekani tuvisome pamoja. Hushangaa sana, kwani wao wamekuja kutafuta baraka, sisi tunatafuta herufi.

Sababu ni hii. Yupo kijana wetu, tumwite Abdulrahmani, ambalo silo jina lake, aliyemaliza stashahada yake vizuri, akaomba kazi, akaitwa. Alijisomea usiku na mchana. Siku yenyewe alisali nasi Alfajiri, akapanda basi dogo kwenda mjini Dodoma, nguo zimepigwa pasi na bahasha ya vyeti iko kwapani. Kabla ya Adhuhuri alikuwa amekwisha rudi, na hakuwa ameulizwa swali hata moja. Mkaguzi wa vyeti mlangoni aliona cheti cha kuzaliwa kinasema Abdulrahmani, cha kidato cha nne kinasema Abrahamani, na cha chuo kinasema Abdurahman, akamwambia akae pembeni. Ilituuma. Ilituuma zaidi tulipofungua daftari letu la mahudhurio tukakuta sisi walimu wake tumemwandika kwa namna ya nne: Abdur-Rahman, tena kwa wino mzuri.

Yule mkaguzi hatumlaumu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, katika matangazo yake ya kuita watu kwenye usaili, huandika wazi kwamba msailiwa aje na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita na kuendelea kulingana na sifa za kazi, pamoja na kitambulisho. Kwamba karatasi za matokeo ya muda hazikubaliwi. Na kwamba mwenye majina yanayotofautiana awe na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Nauli, chakula na malazi ni juu yako mwenyewe. Wengi wetu husoma tarehe na mahali tu, kisha hufunga.

Majina yetu haya ya Kiislamu ndiyo yanayoteseka kuliko mengine, kwa kuwa yametoka katika Kiarabu na kila karani huyaandika anavyoyasikia. Othman huwa Athumani, Shaaban huwa Shabani, Rajab huwa Rajabu. Jina la tatu nalo mara ni la babu, mara ni la ukoo, mara ni lile baba alilozoeleka nalo sokoni. Mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza hakuna anayejali. Miaka ishirini baadaye herufi moja humsimamisha mlangoni.

Kuna wanaosema haya ni mambo madogo. Tuwakumbushe mambo mawili. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakafika zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Palipo na umati wa namna hiyo, anayepunguza watu hahitaji sababu kubwa. Na tarehe 28 Aprili 2017, papa hapa Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki, watumishi 9,932 walionekana wana vyeti vya kughushi. Baada ya hapo, cheti chenye kasoro hutazamwa kwa jicho la shaka, hata kama mwenyewe ni mkweli kama maji ya kisima.

Nabii Yusuf, alayhis salaam, alipoitwa na mfalme kutoka gerezani, hakutoka mbio. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza ukweli wa shauri la wale wanawake ujulikane, mpaka jina lake likawa safi. Ndipo akaenda. Na alipozungumza na mfalme hakuinamisha kichwa akanyamaza. Aliomba asimamie hazina za nchi, akaeleza kwamba yeye ni mtunzaji na ni mjuzi.

Hapa sisi walimu tuna deni. Tumewafundisha adabu mbele ya wakubwa, kutojisifu na kutopaza sauti, na hatukuwafundisha kwamba kueleza unachokiweza pale unapoulizwa si kujisifu. Tulijaribu siku moja baada ya Isha, walimu watatu tukakaa kwenye benchi, mwanafunzi mmoja mmoja akaja mbele. Binti mmoja, hodari wa tajwidi, ambaye husoma mbele ya umati kwenye mashindano bila kutetemeka, tulimwambia atueleze habari zake. Akatazama chini: "Sina la kusema, maalim." Naye kwa miaka miwili ndiye aliyetunza daftari la ada la madrasa hii, na haikupotea hata shilingi! Tukamwambia aseme hilo hilo, kwa sauti, na ataje miaka. Mara ya tatu aliweza. Jopo haliwezi kuyajua yale tunayoyajua sisi.

Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui. Wanaosaili wamekwisha kusikia uongo wa kila aina. Na wenye haya ya kupeana mkono na asiye maharimu, weka mkono kifuani na usalimie mapema kwa uso mkunjufu, kabla mwenzako hajanyoosha wake. Tumeulizwa sana jambo hili kuliko linavyostahili.

Wengine hujifariji kwamba sisi wa Chamwino tumezungukwa na kazi. Ni kweli Serikali ilihamia Dodoma kuanzia 2016, Ikulu iko katika wilaya yetu, na Mji wa Serikali wa Mtumba uko njiani kwenda mjini. Lakini aliyesafiri usiku kucha kutoka Kigoma akiwa na vyeti vinavyosema jina moja ataingia, na wewe uliyelipa nauli ya daladala utabaki nje.

Kwa hiyo tumekubaliana walimu wote. Kuanzia muhula huu kila mwanafunzi alete nakala ya cheti cha kuzaliwa, na daftari letu litafuata herufi za cheti hicho, hata kama Kiarabu chake kinatukera masikioni. Asiye na cheti, mzazi wake aende ofisi ya Mkuu wa Wilaya, wanakoandikisha vizazi. Walio kidato cha pili na cha nne, mkipewa orodha ya majina ya mtihani shuleni muikague msijetia saini kwa haraka, maana cheti kikishatoka, kulirekebisha jina ni safari ya wakili, kiapo na Msajili wa Hati, na kila kituo kina gharama yake. Abdulrahmani wetu yumo safarini humo hivi sasa. Nakala zipokelewe na mwalimu wa zamu, Jumamosi na Jumapili, baada ya Alasiri.