Trekta Kuukuu Linapokataa Kuwaka

Matrekta madogo ya rangi ya kijivu, aina ya Ferguson TE20, yalitengenezwa mjini Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata mwaka 1956, na idadi yake ilipita 500,000. Yako yanayolima hata leo. Mkulima hununua moja kwa bei nafuu na kupendezwa na nguvu zake. Kisha asubuhi moja, masika yamekaribia na shamba halijalimwa, injini haitoi hata mlio. Hapo jirani huja na bisibisi mkononi, akasema, "Gusisha hapa na hapa kwenye starta, litawaka." Ushauri huo umekwisha kuua watu.

Sababu ni hii. Katika Ferguson hilo starta huamshwa kwa mkono wa gia, unaposukumwa mpaka kwenye herufi S. Mkono ukiwa kwenye S hauwezi kuwa umeingia gia nyingine, na kwa hiyo trekta haliwezi kuwaka na kuondoka papo hapo. Aligusishaye bisibisi, hali amesimama mbele ya gurudumu kubwa, ameiondoa kinga hiyo. Gia ikiwa imeingia, trekta humpanda kabla hajauvuta mguu. Afadhali shamba lichelewe siku mbili.

Tena mara nyingi starta yenyewe haina kosa. Yafaa kuanza na betri. Vichwa vyake vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vifunguliwe, vioshwe kwa maji ya moto, visuguliwe kwa msasa mpaka ving'ae. Kabla ya kufungua, mwenye trekta atazame ni upande gani uliofungwa kwenye mwili wa trekta, kwa maana katika matrekta mengi ya Kiingereza ya zama zile ni upande wa chanya, si wa hasi kama ilivyo katika motokaa za siku hizi. Waya huo wa mwilini ndio usahaulikao kuliko yote: kutu au rangi ikikaa chini ya bolti yake, umeme haupiti vema. Njia rahisi ya kuujua ubovu ni kujaribu kuwasha kwa muda mfupi, kisha kugusa viungo kwa uangalifu; kiungo kilichopata moto ndicho kibovu.

Starta ikizunguka kwa kelele bila kuizungusha injini, gia yake ndogo imeshikwa na uchafu. Isafishwe kwa mafuta ya taa, wala isipakwe grisi, kwa kuwa grisi hukusanya vumbi na ubovu hurudi. Anayetumia mkono wa chuma wa kuzungushia injini avute kwenda juu, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma kwa ghafula, huvunja kidole kilichozunguka chuma.

Trekta likisha kuwaka, huenda likapanda na kushuka mwendo kama mtu anayehema, au likapoteza nguvu jembe liingiapo ardhini. Wengi hukimbilia kabureta. Lakini mkono wa mafuta ulio chini ya usukani hauendi moja kwa moja kwenye kabureta. Hupitia chombo ambacho mafundi hukiita gavana, na jina limekifaa, maana kazi yake ni kutawala mwendo wa injini. Injini ikiwa imezimwa, mkono usukumwe mpaka mwisho, kisha vali ya kabureta itazamwe: yapaswa kuwa wazi kabisa. Isipokuwa hivyo, fimbo iliyo kati ya gavana na kabureta imepinda, au viungo vyake vimelika, au urefu wake wahitaji kurekebishwa kwa spana. Ikiwa fimbo ni nzima na yacheza kwa wepesi, ndipo kabureta ifunguliwe na tundu zake zisafishwe.