Kelele Siyo Sauti: Maoni Yangu Kuhusu Pikapu za Gita la Nyuzi Saba

Nimeshika kalamu yangu leo ili nitoe dukuduku langu kuhusu pikapu.

Tafadhali msicheke. Najua mkisikia pikapu mnaona gari la kubeba kabichi kwenda sokoni. Hata mama yangu, siku aliyomsikia mjomba akisema anatafuta pesa za pikapu, aliweka mikono kichwani. "Kaka, hata baiskeli hujamaliza kulipa, sasa unataka gari?" Mjomba alicheka hadi machozi yakamtoka. Pikapu ninayoisema mimi hubebwa kwa kiganja. Ni kile kijisanduku kinachokaa chini ya nyuzi za gita la umeme, na bila hicho gita la umeme ni ubao tu.

Mimi nina sababu ya kujali jambo hili. Mjomba wangu ndiye anayenilipia pesa za chakula cha mchana na za vitabu hapa shuleni, na pesa hizo anazipata kwa kupiga gita harusini na katika hoteli siku za Jumamosi. Gita lake lina nyuzi saba. Alilinunua likiwa limetumika, kutoka kwa mwanamuziki aliyekuwa anahama. Watu humuuliza, "Nyuzi sita hazikutoshi?" Jibu lake ni rahisi. Bendi yao ni ya watu watatu: yeye, mwimbaji na mpiga ngoma. Mpiga besi hawana. Uzi wa saba, ule mnene wa juu kabisa, ndio besi yao. Kidole gumba kinapiga besi, vidole vingine vinapiga wimbo. Mtu mmoja anafanya kazi ya wawili.

Tena msifikiri jambo hili limeanza jana. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930, mpigaji jazi aitwaye George Van Eps alitengenezewa gita la nyuzi saba ili apige besi na wimbo pamoja. Mwaka wa 1990 kampuni ya Ibanez ilitoa gita la nyuzi saba lililobuniwa pamoja na Steve Vai, na baadaye wapigaji wa roki nzito wakalipenda sana. Wengine wameongeza hadi nyuzi nane. Charlie Hunter, Mmarekani mwingine wa jazi, alipiga gita la nyuzi nane ambalo pikapu zake zilitenganishwa: nyuzi za besi zilienda kwenye spika yake na nyuzi nyingine kwenye yake. Hapo utaona kwamba waliotangulia walijua kuwa nyuzi zikiongezeka, kazi ya pikapu nayo hubadilika.

Sasa kisa chenyewe. Pikapu ya zamani ya mjomba ilikufa katikati ya harusi. Kimya! Maharusi wamesimama, watu wameinua mikono wacheze, na gita halisemi. Jumatatu mjomba akaenda mjini akanunua nyingine kwa shilingi 3,800. Muuzaji, ambaye simtaji, alimwambia ndiyo kali kuliko zote dukani. Ilikuwa kali kweli, lakini ilikuwa ya nyuzi sita. Fundi wetu wa redio aliifunga hivyo hivyo. Nyuzi za katikati zilipiga kelele kama siafu wamewaingia, na uzi wa saba, ambao ndio besi, ukasikika kama mtu anayeongea akiwa chumba cha pili. Muuzaji alisema kilichouzwa hakirudi. Jumamosi mbili zikapita bila kazi, na mimi nikatumwa nyumbani kwa siku mbili kwa sababu ya pesa za chakula. Haraka haraka haina baraka, wahenga hawakukosea.

Mjomba alipochanga tena, 7,500 safari hii, tukakaa kikao nyumbani. Mpiga ngoma wao alishauri bila kufikiri mara mbili, "Nunua ya nyuzi saba, lakini iwe ile kali kabisa. Watu wanataka kusikia gita!" Mimi nilikuwa nimeazima kitabu cha fizikia cha Kidato cha Nne nikasoma sura ya sumaku na umeme. Nikainua mkono kama niko darasani.

"Mjomba, samahani, naomba kuuliza."

"Uliza, mpwa wangu."

Yule mpiga ngoma akadakia, "Msichana wa shule na mambo ya gita, wapi na wapi?" Sikumjibu pale, kwa heshima ya umri wake. Namjibu hapa.

Pikapu haisikii hewa kama maikrofoni. Ndani yake mna sumaku, na mna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday kule Uingereza mwaka wa 1831, yaani miaka mia moja hivi kabla ya gita la umeme. Umeme huo hupita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, na hapo ndipo tunausikia. Ndiyo maana gita la nyuzi za nailoni haliwezi kutumia pikapu ya aina hii, kwa kuwa sumaku na nailoni hawajuani.

Haya, ukali unatoka wapi? Njia mojawapo ni kuongeza mizunguko ya waya. Mizunguko ikizidi, umeme unaongezeka na sauti inakuwa kubwa. Lakini hakuna cha bure. Waya ukizidi, sauti nyembamba za juu hupungua na gita huanza kusikika kama limefunikwa blanketi. Kwa uzi mwembamba pengine si neno. Kwa uzi mnene ni balaa, na sababu ni hii.

Uzi mnene wa gita la kawaida hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Uzi wa saba hutetemeka kama mara 62, na uzi wa nane mara 46. Spika nyingi za gita hazitoi vizuri sauti za chini namna hiyo. Sasa sisi tunausikiaje uzi wa saba? Tunausikia kwa msaada wa zile sauti za juu zinazozaliwa pamoja na sauti ya chini, na sikio linajaza pengo lenyewe. Ukitaka kuhakikisha, chukua simu ndogo. Mjomba alikuwa na rekodi ya wimbo aliopiga kwa pikapu ya zamani kabla haijafa. Tuliicheza kwenye simu yake, ambayo spika yake ni ndogo kama kifungo cha koti. Besi haikutetemesha meza, lakini sote tuliweza kuifuata noti kwa noti. Kisha tukacheza rekodi ya ile pikapu ya 3,800. Besi ilikuwa uji. Mpiga ngoma akakuna kichwa.

Basi maoni yangu ni haya: mwenye gita la nyuzi saba au nane asinunue pikapu kwa ukali wake, bali kwa uwazi wake katika uzi mnene. Ukubwa wa sauti utaupata kwa kuzungusha kitufe cha amplifaya. Uwazi hauna kitufe. Kama pikapu imekunyima uwazi, hakuna amplifaya itakayokurudishia. Ni kama zile matatu ambazo muziki wake unatikisa vioo, ilhali abiria hajui hata mwimbaji anaimba kwa lugha gani.

Kuna jambo la pili linalotuhusu sisi wa Kenya hasa. Umeme wetu wa ukutani hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Pikapu ya koili moja hudaka mvumo huo kutoka kwenye nyaya za nyumba na taa, ukasikia "mmmmm" kwenye spika hata kabla hujapiga chochote. Hesabu uone: 50 iko katikati ya uzi wa saba na uzi wa nane! Ukisema upunguze besi ili uue mvumo, umepunguza na uzi wako ulionunulia gita. Dawa yake ni pikapu ya koili mbili, aina iliyobuniwa na Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka wa 1955. Koili hizo zimezungushwa kinyume, na sumaku zake zimegeuzwa, ili mvumo unaoingia pande zote mbili ujifute wenyewe huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Kwa hiyo kwenye kumbi zetu, ambazo nyaya zake nyingine zimefungwa na fundi wa njiani, gita la nyuzi nyingi lisikose koili mbili.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema mbona bendi za roki nzito zinatumia pikapu zenye betri, na sauti yao ni safi ajabu. Hilo ni kweli wala sipingi. Pikapu zenye betri ya volti 9 zina kikuza sauti kidogo ndani yake, hazina mvumo mwingi, na hazipotezi sauti kwenye kebo ndefu. Kwa kweli hizo ni ushahidi wa maneno yangu, maana nyingi zina mizunguko michache ya waya na nguvu zinaipata kwa betri. Lakini aliye na gita moja tu akumbuke kwamba betri ikiisha katikati ya harusi, ni kimya kingine. Pia ukisahau kuchomoa kebo usiku, betri inaendelea kuliwa. Mwenye nidhamu ya kubeba betri ya akiba, sawa. Mjomba wangu husahau hata miwani yake.

Kabla hujatoa pesa mfukoni, nakushauri ufanye mambo manne. Kwanza, jaribu bisibisi. Pikapu huinuliwa na kushushwa kwa skrubu zake, na mara nyingi kuishusha kidogo upande wa nyuzi nene hupunguza ule uji. Sumaku ikikaribia mno huuvuta uzi na kuharibu sauti yake. Bisibisi haigharimu kitu. Pili, pima. Chukua kadibodi, chora shimo la pikapu lilivyo, kisha pima kutoka uzi wa kwanza hadi wa mwisho pale juu ya pikapu. Nenda na kadibodi hiyo dukani. Pikapu zenye bapa la chuma badala ya vichwa vya skrubu husamehe zaidi, kwa kuwa uzi hauhitaji kukaa juu ya kichwa chake. Tatu, uliza sumaku ni ya aina gani. Za seramiki kwa kawaida hutoa besi iliyokaza na makali zaidi, na za alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, huwa laini kidogo. Zote zinafaa kutegemea muziki wako. Nne, omba kusikia uzi mnene peke yake, polepole, noti moja moja. Muuzaji atataka kukupigia mbwembwe kwenye nyuzi nyembamba. Mwambie hapana, nataka huu hapa.

Mjomba alifanya hivyo. Alinunua pikapu ya koili mbili, ya nyuzi saba hasa, sumaku ya alniko, ukali wa wastani. Muuzaji alimshangaa kwa kuacha ile kali iliyokuwa bei moja. Fundi wa redio akailehemu jioni hiyo, mimi nikimshikia tochi. Mjomba akapiga uzi wa saba peke yake. Mama aliyekuwa jikoni akatoka na mwiko mkononi akasema, "Hiyo sasa ni besi." Mpiga ngoma hakusema kitu, ila tangu siku hiyo ananiita Profesa.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu hatutanunua pikapu maishani. Lakini sote tutanunua vitu, na kila mara atakuwepo mtu wa kutuambia chukua kikali, chukua kikubwa. Muulize kwanza, kitafanya kazi gani? Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hakuna aliyewahi kuliita debe bendi.

Kwa leo naishia hapo. Mjomba ana harusi Jumamosi hii na nyingine mwezi ujao, na muhula huu sijatumwa nyumbani hata siku moja.

Mimi wenu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.