Mchoraji Anayechipukia na Kazi za Waliomtangulia

Mtindo wa mchoraji hauji kwa kungojewa. Hutokana na mkono uliofanya kazi nyingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kunakili michoro ya wengine. Vijana wengi huikwepa wakihofu kwamba itaua kipaji chao. Hofu hiyo haina msingi, nayo imewapotezea wengi miaka mizuri ya kujifunza.

Vincent van Gogh, Mholanzi ambaye mstari wake leo hutambulika hata pasipo sahihi, aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27. Hakuanza kwa kutafuta upekee. Alichukua mazoezi ya kuchora yaliyotungwa na Charles Bargue, akayarudia tena na tena. Alinakili pia picha za wakulima za Mfaransa Jean-François Millet, hasa yule mpanzi anayetembea shambani akirusha mbegu. Mwaka 1887, akiwa Paris, alinakili kwa rangi za mafuta chapa za mbao za Mjapani Hiroshige, mojawapo ikiwa ya watu wanaovuka daraja katika mvua ya ghafla.

Faida ya kunakili huko ilionekana mwaka uliofuata huko Arles, kusini mwa Ufaransa. Alichonga kalamu za matete, akachora mashamba na bustani kwa nukta na vistari vifupi, vingine vimesimama, vingine vimepinda kufuata mwendo wa majani na udongo. Kwa Wajapani alijifunza kwamba umbo husimama kwa mstari bila kivuli kizito. Kwa Millet alipata heshima kwa mtu wa jembe. Hata hivyo, michoro ile ni ya van Gogh mwenyewe. Na mwaka 1889, alipolazwa hospitalini Saint-Rémy, mkono wake ukiwa umekwisha kukomaa, alimrudia Millet: alizitazama chapa zisizo na rangi, akazichora upya kwa rangi alizozichagua yeye.

Jambo la kuzingatia ni kwamba walimu wake walikuwa wengi, tena wa nchi mbalimbali. Anayemnakili mmoja tu hubaki mfuasi. Tazama Dar es Salaam, ambako mchoraji Edward Saidi Tingatinga aliwafundisha jamaa na rafiki zake kupaka rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na kwa njia hiyo sanaa yake haikufa naye mwaka 1972. Hilo ni la kushukuriwa sana. Lakini twiga na tembo wa mtindo wake wanaorudiwa vilevile katika maduka ya watalii ni onyo: hapo kunakili kumekoma kuwa somo.

Basi anayenakili hana budi kuuhoji mchoro. Mstari unanenepa wapi? Mchoraji ameacha nini bila kukichora? Kisha aufunike, auchore kwa kumbukumbu, na alinganishe. Pale anapotofautiana na mwalimu bila kukosea umbo, ndipo mkono wake unapoanza kujitokeza. Baada ya hapo atoke na daftari lake hadi sokoni au kituo cha daladala, ajaribu mbinu ileile kwa watu anaowajua.

Tena kila nakala iandikwe jina la aliyenakiliwa, na isiuzwe kama kazi ya aliyeinakili.