MUVULANA ASIFICHE UVIMBE

Neno letu la leo wengine watalicheka, zaidi wale wa nyuma ya darasa. Wacheke, halafu wasome.

Wote tunakumbuka tarehe 7 Februari 2024 kule Abidjan: Côte d'Ivoire 1, Leopards yetu 0. Aliyetufunga ni Sébastien Haller, na nyuma ya siku nne akafunga tena goli ya kikombe mbele ya Nigeria. Tulimukasirikia sana. Lakini mutu yule, mwezi wa 7 mwaka 2022, akiwa na miaka 28, waganga walimukuta na kansere ya pumbu. Alipasuliwa mara mbili, akapewa dawa kali, na mwanzo wa 2023 akarudi uwanjani.

Kansere hii ni ya vijana: inashika zaidi kati ya miaka 15 na 40. Kwetu Waafrika ni haba kuliko kwa watu wa Norwe na Denmark, lakini haba si kusema hakuna. Wenye elimu wanafikiri inaanza tangu tumboni mwa mama, inalala, halafu inaamuka wakati mwili unapokomaa. Wameona pia kwamba warefu wanaipata zaidi kidogo. (Musianze kuwatisha warefu wa kilasi ya sita, urefu si ugonjwa!) Hatari inayojulikana zaidi ni pumbu lisiloshuka tangu utoto, mutoto wa namna ile apelekwe kwa muganga angali mudogo.

Shida yetu ni haya. Kijana anasikia kitu kigumu, hakiumi, ananyamaza. Akisema, nyumbani wanajibu: "Ni mushipa tu," wanachemsha mizizi, miezi inapita. Kweli, mara nyingi ni mushipa ama maji. Lakini nani atajua bila kupima? Ikikamatwa mapema, karibu wote wanapona. Ikichelewa inapanda tumboni na kwenye mapafu. Na huku kwetu, njia mbaya na makuta haba, kuchelewa ni bei kali.

Mara moja kwa mwezi, ukiisha kuoga, jipapase polepole. Moja kuwa kubwa kidogo ama kushuka kuliko ingine, ni kawaida. Kitu kigumu kama kokoto, ama uzito mupya: nenda kwa muganga juma lile lile. Maumivu makali ya gafula, usingoje hata asubuhi.

Tunaomba Bwana Prefe atupatie saa moja, wavulana peke yao na mwuguzi. Mpaka sasa masomo yetu juu ya jambo hili ni utani wa mutoni tu, wakati wa kuoga.