Mgongo wa Mpiga Video

Mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya michango ya harusi, lakini jambo tuliloliona kanisani Jumamosi moja limetufanya tuiweke kando kwanza.

Jirani yetu alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Mama huyo ni mjane. Kwa miaka mingi ameuza maandazi na vitumbua asubuhi, na jioni ameshona nguo za watu. Siku hiyo alikaa benchi la mbele, leso mkononi, na sisi tukakaa nyuma yake. Ilipofika saa ya viapo, maharusi wakageuziana nyuso. Hapo wapiga video wawili wakapanda ngazi za altare, wakasimama kati yao na sisi; wa tatu akapenya hadi begani kwa Mchungaji. Tangu hapo tuliona migongo miwili na mkoba wa betri. Mama akainama kushoto, akainama kulia, akajiinua kidogo, mwisho akaketi. Kiapo cha mwanawe alikisikia kwa kipaza sauti, kama mtu asikilizaye redio.

Pete ilipovishwa, mmoja wa vijana wale akasema, "Kaka, rudia, sikuipata vizuri." Bwana harusi, maskini, akaivua pete kidoleni mwa mkewe, akaivisha upya. Watu wengine walicheka. Sisi hatukuweza.

Siku chache baadaye tulikwenda kumpongeza. Akatukaribisha chai, kisha akasema taratibu, "Jamani, mwanangu nimemwoza, lakini sikumwona."

Ni rahisi kumlaumu kijana wa kamera. Lakini nani alimwambia asimame wapi? Kamati ilifanya vikao vingi. Ilijadili ukumbi, keki, vinywaji na rangi ya sare za wapambe. Juu ya video ilijadili bei tu, na ilipopata punguzo ikapiga makofi. Na tuseme kweli yote: yule shangazi aliyesimama katikati ya njia akiwa na simu mikono juu, akimfunika kila aliyekaa nyuma yake, ni mwenzetu wa kikundi cha maombi.

Mabishano haya si mapya. Mwaka 1923 BBC iliomba kuitangaza redioni harusi ya mtoto wa mfalme wa Uingereza katika kanisa la Westminster Abbey, ikakataliwa. Ilihofiwa kwamba watu wangesikiliza ibada wakiwa baa, kofia kichwani. Mwaka 1953, malkia alipotawazwa katika kanisa hilo hilo, kamera za televisheni ziliruhusiwa kuingia, ila alipopakwa mafuta hazikuonyesha. Mwaka 1960 harusi ya dada yake, Margaret, ilionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai mashahidi wasiopungua wawili. Mashahidi hao ni watu wenye macho, na mama mzazi hapaswi kuwa wa mwisho kuona.

Msidhani tunataka kamera zifukuzwe. Tunao mkanda wa harusi ya mdogo wetu ya mwaka 1994. Picha zinatikisika na rangi imefifia, lakini mahali fulani bibi yetu mzaa baba anasimama na kupiga vigelegele, kisha anamwambia bwana harusi, "Mtunze, huyu ni mtoto wa watu." Bibi alifariki mwaka uliofuata, na sauti yake haipo mahali pengine popote. Tulipoutoa mkanda kabatini ulikuwa umeanza kuota ukungu. Tulihangaika sana kupata fundi mwenye deki nzima, kwa kuwa Funai ya Japani, waliokuwa wa mwisho kutengeneza deki za VHS, waliacha mwaka 2016. Mwenye mkanda nyumbani asingoje Krismasi.

Basi, mama unayejiandaa kuoza, usiishie kwenye bei. Siku ya mazoezi mwite mpiga video kanisani, akutane na Mchungaji na mzee wa kanisa, na aje saa ile ile ya ibada. Aghalabu vijana hawa hupanda altareni kwa sababu dirisha lililo nyuma ya altare lina mwanga mkali, na nyuso za maharusi hutoka nyeusi. Akiliona mapema atatafuta pembe nyingine, labda upande wa kwaya, aweke kamera juu ya stendi na kuvuta picha kutoka hapo. Kamera za siku hizi huona mbali kuliko sisi. Mwulize pia juu ya sauti. Wengi hujutia hapo: picha nzuri, kiapo kimemezwa na feni na kikohozi cha mtu. Kipaza sauti kidogo kwenye koti la bwana harusi kinatosha. Waya zisipite njiani, bibi zetu wataanguka. Wakati wa sala kamera iendelee kama inabidi, lakini mwenye kamera asitembee. Na asirudishe tendo lolote la ibada nyuma kwa ajili ya picha, hata moja. Habari ya simu, mwombeni Mchungaji aitangaze mwenyewe. Sisi kwa sisi hatusikilizani.

Video ikifika, weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti.

Ya jirani yetu imefika wiki iliyopita, akatuita tuitazame pamoja. Picha ya viapo ilikuwa ile ya kijana aliyesimama begani kwa Mchungaji. Binti alionekana wazi, midomo ikimtetemeka, chozi likishuka kwenye poda. Mama alitazama kimya. Kisha akasogea karibu na skrini. Nyuma ya maharusi, katikati ya viwiko vya wapiga video wawili, kulikuwa na uso mdogo wa mwanamke mwenye leso, ameinama kushoto.

"Simamisha hapo," akasema.

Mjukuu wake akasimamisha, na chai yetu ikapoa.