Manispaa ya Garissa Ipewe Mfuko Wake

Takataka za soko zisipozolewa mjini Garissa, ni nani aliyekuwa na pesa za kuzizoa? Toleo hili limejengwa juu ya swali hilo. Mabaraza ya miji ya zamani, pamoja na kasoro zake nyingi, yalikuwa na jibu. Diwani alijulikana nyumbani kwake, karani wa mji alijulikana ofisini, na kupitia mfuko wa LATF asilimia 5 ya kodi ya mapato ilirudishwa kwa mabaraza kote nchini. Mwaka 2013 baraza la manispaa ya Garissa lilivunjwa pamoja na mengine yote, na kazi zake zikahamia kaunti.

Tuliupokea ugatuzi kwa shangwe, na tulikuwa na sababu. Waraka wa serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza mali ya taifa kwenye maeneo yaliyoonekana kuwa na mavuno ya haraka, na Kaskazini Mashariki tukaishi chini ya kanuni za hali ya hatari hadi miaka ya 1990 ilipoingia. Watu waliongoja hivyo walistahili serikali ya karibu. Serikali ikaja kweli, lakini ikaishia kwenye afisi ya gavana. Mji wenyewe ukabaki bila msimamizi wake.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ndiyo iliyokusudiwa kuziba pengo hilo. Mwanzoni ilidai wakazi 250,000 ili mji uwe manispaa. Mwaka 2019 kiwango kikashushwa hadi 50,000. Kabla ya hapo, Julai 2017, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 za kuisaidia miji ya kaunti 45, kwa masharti: kuwe na hati ya manispaa, bodi, meneja na mpango wa maendeleo ya mji. Masharti yalikuwa mazuri. Ubaya ni kwamba hati na bodi ziliharakishwa ili ruzuku ipatikane, na kitu kilichoundwa kwa ajili ya ruzuku hudhoofika ruzuku ikichelewa.

Tazama kinachobaki mikononi mwa bodi. Maji yako kwa GAWASCO, kampuni ya kaunti. Ushuru wa soko na ada za leseni, kwa mujibu wa Katiba, huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na kurudi kwake mjini hutegemea bajeti inayopitishwa na bunge la kaunti. Kodi ya ardhi, ambayo kwingineko ndiyo nguzo ya mapato ya mji, hapa ni dhaifu kwa sababu kwa miaka mingi viwanja vimeshikiliwa kwa barua za ugawaji badala ya hati miliki. Mama wa mtaa (bulla) wa pembezoni anayenunua maji ya mkokoteni wa punda, mtungi kwa mtungi, anamlalamikia nani? Akienda manispaa ataelekezwa kwingine.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha gharama ya hali hii. Mto Tana ulivunja kingo, barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo, watu wakavuka kwa mashua na wengine wakafa maji. Mvua hatuwezi kuizuia. Mitaro ya mji na ujenzi kando ya mto, hayo yanahitaji mwenyewe mwenye mamlaka na pesa.

Kuna jambo jingine, nasi tunalisema tukijua litawaudhi baadhi ya wazee wetu. Kugawana vyeo kwa koo kumesaidia kulinda amani katika kaunti za Kaskazini Mashariki, na amani hiyo tunaithamini. Hata hivyo fundi wa pampu na mhasibu wa manispaa wachaguliwe kwa ujuzi. Mtoto wa ukoo wowote huugua kipindupindu kwa maji yale yale.

Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka. Msomaji, kabla ya tarehe hiyo nenda kwenye kikao cha umma cha wadi yako, umuulize mwakilishi wadi fungu la manispaa ni kiasi gani na nani anatia sahihi. Asipokuwa na jibu, muulize tena mbele ya jirani zako.