Mawe ya Nkubu yapimwe kabla ya kuuzwa

LORI la kokoto linapopita katika barabara ya Embu kuelekea Meru, wengi huona mzigo wa mawe tu. Kwa mwenye shamba lenye mwamba, hiyo ni mali ambayo ikishaondoka haioti tena.

Mji wa Nkubu, Imenti Kusini, umekaa juu ya mawe yaliyotokana na volkano ya Mlima Kenya. Ukishuka mashariki kuelekea Tharaka, mawe hayo yanakoma na miamba ya kale zaidi inajitokeza, ikiwemo ya jamii ya graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500.

Graniti, au itale, ni ngumu na hufaa sana kwa saruji ya majengo na madaraja. Hata hivyo, si kila mwamba ni hazina. Uliooza kwa mvua na jua huvunjika upesi. Aidha, lami haishiki vyema mawe ya aina hii, hivyo wahandisi hulazimika kuyachanganya na chokaa au dawa maalumu.

Ndiyo maana kuchimbua na kupima ni lazima kabla ya mkataba. Hektari moja ya mwamba mzima wenye kina cha mita 10 ina takriban tani 260,000. Hata robo ikipotea, kokoto zitakazobaki zinaweza kutandaza tabaka la sentimita 15 katika barabara ya upana wa mita 7 kwa zaidi ya kilomita 80. Anayeuza kwa lori bila hesabu hiyo anauza mbuzi guniani.

Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji. Lakini asilimia 10 ya tani zisizoandikwa popote ni sufuri.

Wakati huohuo, vumbi la graniti hudhuru mapafu ya wapondaji, na mashimo yaliyoachwa wazi hujaa maji na kuhatarisha watoto.

Wakazi wadai mambo matatu kabla ya tingatinga kuwasili: ripoti ya upimaji, leseni ya mazingira ya NEMA, na ahadi ya maandishi ya kufukia mashimo. Majuto ni mjukuu.